Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: Somo juu ya ubongo, mwili na uponyaji wa majeraha ya moyo

Wapendwa wasomaji, ndugu zetu mlio kambini, mlio katika familia zilizowapokea, na ninyi mliorudi vijijini mkakuta nyumba imebaki msingi tu,

Katika toleo hili tunaleta somo juu ya jambo ambalo wengi wanaliishi kimya kwa sababu ya haya: mwili unaoendelea kuogopa wakati hatari imekwisha kupita. Tunaliandika kwa ajili ya familia, na pia kwa ajili ya wakuu wa kambi, wakuu wa nyumba kumi, machifu, wachungaji, mapadri, maimamu, walimu na mama viongozi wa vikundi. Ninyi ndio mnaoitwa usiku pale mtu anapopiga kelele.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo hili, msomaji aweze:
- kueleza kwa maneno yake mwenyewe kinachotokea katika ubongo na mwili wa mtu aliyepatwa na tisho kubwa;
- kufahamu kwa nini tiba ya mazungumzo inaanza na usalama na mwili kabla ya kuingia katika hadithi ya mambo yaliyotokea;
- kuepuka makosa ambayo sisi viongozi tunayafanya mara nyingi, tukidhani tunasaidia.

1. Mambo tunayoyaona

Tuseme kuna baba mmoja aliyekimbia kutoka Masisi na jamaa yake. Alikuwa mkulima hodari, mtu wa utani. Siku moja sokoni, tairi la lori linapasuka. Kufumba na kufumbua, baba huyu amelala chini ya chukudu, mikono juu ya kichwa. Watu wanacheka. Anainuka, anapangusa matope, anarudi nyumbani bila kununua kitu. Usiku halali. Mtoto akiangusha sufuria anapigwa. Mke anasema, "Huyu si yule aliyenioa." Jirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema imani yake imepungua. Wengine wanasema ni wazimu.

Karibu na hema lake kuna mama ambaye harufu ya nyasi zinazoungua inamfanya atapike. Kuna pia mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena.

Watu hawa watatu tumewaweka kama mfano, lakini kila msomaji anaweza kuwatia sura anayoijua. Swali letu ni hili: wana ugonjwa gani? Wazee wetu walikwisha kujibu nusu ya swali waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nusu ya pili tunaipata kwa wataalamu wa ubongo na mwili.

2. Wafanyakazi watatu ndani ya kichwa

Ubongo una sehemu nyingi zinazofanya kazi pamoja. Kwa somo letu tuzitazame tatu, na tuzipe majina ya kazi tunazozijua.

Wa kwanza ni mlinzi wa usiku. Ni sehemu ndogo kama punje ya haragwe, iliyo ndani sana, moja kila upande wa kichwa. Wataalamu wanaiita amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari na kupiga kengele. Mlinzi huyu hangoji maelezo. Akisikia mshindo, anapiga kengele kabla wewe mwenyewe hujajua ni mshindo wa nini. Ndiyo sababu yule baba alikuwa chini ya chukudu kabla hajafikiri neno lolote.

Wa pili ni karani. Sehemu hii inaitwa hipokampasi. Inaandika mambo pamoja na mahali na wakati: "Hili lilitokea kijijini kwetu, wakati wa mavuno, na likaisha." Bila karani, kumbukumbu haina anwani wala tarehe.

Wa tatu ni mzee wa baraza. Ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Anapima mambo, anauliza, anatuliza: "Mlinzi, asante, lakini lile ni tairi tu." Mlinzi akimsikia, kengele inazimwa.

Katika siku za kawaida watatu hawa wanasikilizana. Katika tisho kubwa, na zaidi tisho likirudiarudia, mlinzi anabaki akipiga kengele mchana na usiku, karani anaandika ovyo, na sauti ya mzee wa baraza haisikiki. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba yuko salama, na mwili wake ukakataa.

3. Mwili unavyojitayarisha

Mwaka 1915 mwalimu wa Marekani, Walter Cannon, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alionyesha kwamba mwili wenye hofu unajitayarisha kwa kupigana au kukimbia. Kengele ikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakimbia ili kupeleka damu kwenye miguu na mikono. Pumzi inakuwa fupi. Tumbo linasimamisha kazi yake, mdomo unakauka. Baadaye inafuata kortisoli, inayousaidia mwili kudumu katika taabu.

Hayo yote ni mema. Ni zawadi ya kuokoa uhai, na wengi wetu tunaishi leo kwa sababu miguu yetu ilikimbia kabla ya akili. Taabu inaanza pale kengele isipozimwa. Mwili uliojitayarisha kukimbia kwa miezi na miaka unachoka: kichwa kinauma, mgongo unauma, chakula hakishuki, usingizi unakatika, hasira iko karibu. Wengi wanakwenda kituo cha afya wakisema "mwili wote unaniuma", na vipimo havionyeshi kitu. Maumivu yao ni ya kweli, nao hawadanganyi.

Kuna pia njia ya tatu mbali ya kupigana na kukimbia. Hatari ikiwa kubwa mno na hakuna pa kupita, mwili unaweza kuganda. Sauti haitoki, mikono haiinuki. Jambo hili halichaguliwi na mtu, linatokea lenyewe. Tunaomba kila chifu na kila mzee anayesikiliza kesi alishike neno hili. Mwanamke au msichana aliyebakwa akiulizwa barazani, "Mbona hukupiga kelele? Mbona hukukimbia?", swali hilo linamhukumu kwa jambo ambalo mwili wake haukumpa nafasi ya kuchagua. Tumesikia ndoa zikivunjika juu ya swali hilo moja. Kunyamaza kwake hakukuwa kukubali.

4. Kumbukumbu isiyo na tarehe

Wasomaji wa Goma wanakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu juu ya Nyiragongo. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mara nyingi, na tarehe 27 Mei wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka, wakaenda Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Mtu aliyekimbia lava ya Januari 2002 akiwa kijana, je, mwaka 2021 aliogopa moto wa siku ile tu? Mwili wake uliogopa mioto miwili kwa mara moja. Na baada ya kurudi nyumbani, lori zito likipita na ukuta ukatikisika, alijikuta mlangoni na mtoto mkononi.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi kumbukumbu ambayo karani hakuiandika vizuri. Inakaa katika vipande: harufu, sauti, rangi ya koti, baridi ya mvua. Kipande kimoja kikiguswa, mlinzi anapiga kengele kana kwamba jambo linatokea sasa. Mama wa mfano wetu hakumbuki kijiji kilichochomwa kama mtu anavyokumbuka harusi ya zamani. Kwa dakika chache anarudi pale.

Kuna tena shida ya maneno. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi mdogo wa watu 8 wenye majeraha hayo. Kila mmoja alisikilizishwa hadithi ya tukio lake mwenyewe huku ubongo wake ukipigwa picha. Upande wa mlinzi uliwaka zaidi, na sehemu inayotusaidia kutengeneza maneno ilipungua kazi. Sehemu hiyo inaitwa kwa jina la daktari Mfaransa Paul Broca, aliyeieleza mwaka 1861. Watu 8 ni wachache, lakini picha ile inalingana na yale tunayoyaona: mtu anafungua mdomo kusimulia, na neno halitoki. Tusimwite mkaidi.

5. Sayansi hii imefundisha nini katika tiba

Zamani wengi walidhani kuponya ni kuzungumza tu: mtoe mtu maneno, na uchungu utatoka pamoja nayo. Leo wanaotoa tiba ya mazungumzo wanaifuata njia yenye hatua.

Hatua ya kwanza ni usalama. Mlinzi hawezi kutulia akiwa bado anaona sababu ya kuogopa. Mahali pa kulala, chakula, mlango unaofungika, habari za kweli juu ya jamaa waliopotea, hayo ni mwanzo wa tiba. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake unafupisha kazi yetu kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ana shida na kama mahali ni salama. Sikiliza bila kulazimisha. Unganisha mtu na jamaa zake na wenye kutoa msaada.

Hatua ya pili ni kutuliza mwili. Mzee wa baraza hasikiki kengele ikilia, kwa hiyo maneno mazuri peke yake hayatoshi. Kuna mshipa wa fahamu mrefu unaoitwa vagasi, unaoshuka kutoka ubongoni kupitia shingoni mpaka moyoni na tumboni. Mtu anapovuta pumzi, moyo unaongeza mwendo kidogo. Anapotoa pumzi, mshipa huu unapunguza mwendo wa moyo. Pumzi inayotoka polepole ni kama mkono unaomgusa mlinzi begani. Hatuwezi kuuamuru moyo utulie, lakini pumzi tunaweza kuiongoza. Mama zetu walijua hili bila darasa: kumbembeleza mtoto kwa wimbo wa polepole, kuimba pamoja katika kilio, ambapo kila mstari unatoa pumzi ndefu.

Hatua ya tatu ni kumsaidia karani aandike upya. Mtu akiwa ametulia, na akiwa amekubali mwenyewe, anasimulia maisha yake kwa mpangilio: kabla, wakati ule, na baada ya hapo. Katika tiba moja inayotumiwa kwa wakimbizi, kamba inalazwa chini kuwa njia ya maisha. Ua linawekwa kwa kila jambo la furaha, jiwe kwa kila jambo la mateso. Halafu msimulizi na msikilizaji wanapita jiwe kwa jiwe katika vikao kadhaa. Msikilizaji anauliza: "Ilikuwa wapi? Ulisikia nini mwilini? Na sasa hivi, hapa tulipo, unasikia nini?" Kidogo kidogo tukio linapata tarehe na mahali. Linakuwa jambo lililopita.

Je, njia hii inafaa kwa watu wa kawaida, mbali na hospitali kubwa? Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwa washauri, wakawasaidia wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali. Matokeo ya watu 277 yalitolewa mwaka 2008. Baada ya miezi 9, karibu 70 kwa 100 ya waliosimulia maisha yao kwa mpangilio hawakuonyesha tena ugonjwa ule. Kwa waliopewa mazungumzo ya ushauri ya namna nyingine ilikuwa 65 kwa 100. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa 37 kwa 100. Tazameni kwamba njia mbili zilikaribiana. Kusikilizwa vizuri na mtu aliyefundishwa kulisaidia, hata kama mtindo haukuwa mmoja.

Na hapa kwetu Kivu, matokeo mengine yalitolewa mwaka 2013, ya wanawake 405 wa vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, waliopatwa na ukatili wa kijinsia au kuushuhudia. Katika vijiji vingine wanawake walikutana katika vikundi, wakajifunza kuyapima mawazo yanayowafunga, kama "ni kosa langu" au "mimi ni mchafu". Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba kuisha, katika vikundi wanawake 9 kwa 100 ndio waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Katika vijiji vile vingine walikuwa 42 kwa 100. Wengi wao hawakujua kusoma, na vita havikuwa vimeisha karibu nao.

Neno hilo la mwisho ni la maana kwetu. Mara nyingi tunaulizwa, "Tutaponaje wakati masasi bado yanalia?" Hatuwaambii kwamba vita si kitu. Tunasema kwamba watu wa vijiji vile hawakungoja amani kamili ndipo waanze.

6. Je, hofu ya zamani inafutika?

Tuwe wakweli. Mtaalamu Mrusi Ivan Pavlov alifundisha mbwa kutoa mate wakisikia sauti fulani, kwa sababu sauti hiyo ilitangulia chakula. Sauti ikija mara nyingi bila chakula, mbwa aliacha kutoa mate. Lakini baada ya kupumzishwa, mara nyingine mate yalirudi. Hofu nayo inafuata desturi hiyo. Somo la zamani halifutiki, ila somo jipya linawekwa kando yake: "Mshindo si kifo kila mara." Somo jipya linahitaji kurudiwa.

Kwa hiyo, mtu aliyekuwa amepona akianza tena kutetemeka, kama ilivyowapata wengi mwaka 2025 walipolazimika kutoka katika kambi zilizo pembeni ya Goma, asiseme, "Tiba yangu ilikuwa bure." Mlinzi ameamka kwa sababu ya hatari mpya. Aliyetulia mara moja anaijua njia ya kurudi.

7. Makosa tunayopaswa kuyaacha

Kumlazimisha mtu asimulie. Kumsimamisha mama mbele ya watu 200, au mbele ya wageni wenye kamera, aeleze yaliyompata, kunaweza kumrudisha palepale bila mtu wa kumtoa. Hata kikao kimoja cha kuwataka watu waeleze yote mara baada ya tukio kimechunguzwa, na hakikuonekana kuzuia ugonjwa. Mtu ana haki ya kunyamaza leo na kusema mwaka ujao.

Kumwambia "sahau". Kufunika jeraha lenye usaha hakuliponyi. Tusimlazimishe kusema, na tusimkataze kusema.

Kutoa siri. Jambo lililosemwa ndani ya hema likisikika kisimani kesho yake, hakuna atakayesema tena.

Kununua Valiumu sokoni. Vidonge vya usingizi vinaweza kumzoeza mtu mpaka asiweze kuviacha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za namna hiyo zisitolewe kwa ajili ya dalili za mfadhaiko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Pombe nayo inaleta usingizi mbaya na hasira asubuhi.

Kumfunga au kumpiga mgonjwa ili "pepo limtoke". Maombi yenye upendo ni faraja kubwa, nasi tunayaheshimu. Kamba na fimbo vinamfundisha mlinzi kwamba hatari haijaisha.

8. Zoezi la kufanya pamoja

Kaeni mahali ambapo kila mtu anaona mlango. Asiyetaka, atazame tu.

- Wekeni nyayo zote mbili chini. Sikieni udongo unavyobeba uzito wenu.
- Macho yabaki wazi. Kwa wengine kufumba macho kunaleta picha mbaya.
- Vuteni pumzi kwa pua, mkihesabu polepole mpaka 3. Itoeni kwa mdomo mkihesabu mpaka 6, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Fanyeni mara 5.
- Kila mtu ataje vitu vitano anavyoviona, vitatu anavyovisikia, na kimoja anachokigusa.
- Kila mtu aseme: mahali tulipo, siku ya leo, na jina la mtu mmoja aliye karibu naye.

Mtu akisikia kizunguzungu au kifua kikibana, aache kuhesabu, apumue kama kawaida, anywe maji. Fanyeni kila siku wakati wa utulivu, ili mwili uwe umekwisha jifunza kabla ya usiku mbaya.

9. Neno kwa viongozi: mwili wenye hofu na kazi ya amani

Mtu ambaye kengele yake inalia hawezi kupima habari. Uvumi ukiingia kambini saa 4 za usiku kwamba "wale wa upande ule wanakuja", mlinzi wa kila mmoja anaamini kabla mzee wa baraza hajauliza, "Nani ameona?" Vijana wanachukua mapanga. Kesho yake kunakucha na maiti wa mtu asiye na kosa. Wanaotafuta vijana wa kulipiza kisasi wanajua kwamba kijana asiyelala, mwenye moyo unaokimbia, anachukulika upesi. Kwa hiyo kutuliza miili ni sehemu ya kujenga amani, sawa na kuandika mapatano.

Mnaweza kufanya haya bila fedha nyingi:
- Tangazeni mapema kila jambo lenye kelele au msongamano: ugawaji wa chakula, chanjo, kubomolewa kwa jengo. Filimbi ya ghafula ni mshindo kama mwingine.
- Wekeni watu wawili au watatu wanaoaminiwa, wa kabila zaidi ya moja, wa kuhakikisha uvumi kabla haujatembea.
- Mkikutanisha pande mbili zilizoumizana, silaha zibaki mbali, viti visizibe mlango, maji ya kunywa yawepo, na kila mtu aambiwe kikao kitaisha saa ngapi. Anzeni na pumzi au wimbo. Mambo mazito yaje katikati, yasiwe mwanzoni wala mwishoni.
- Acheni nafasi ya kilio na matanga. Marehemu ambaye hakuliliwa anabaki bila tarehe katika mioyo.
- Wapeni watu kazi wanayoiweza. Yule baba wa Masisi akipewa bustani ndogo ya mboga au zamu ya kutunza maji, mikono yake inajifunza tena kwamba leo si siku ile.
- Mwiteni yeye na mkewe pamoja, mwaelezee habari za mlinzi na kengele. Mara nyingi mke akifahamu kwamba mumewe hakubadilika roho, na mume akifahamu kwamba yeye si mwenda wazimu, wanaanza kutafuta njia. Watoto nao waambiwe: "Baba akishtuka, si kosa lako." Lakini kufahamu hofu ya mtu hakumpi ruhusa ya kupiga. Mtoto na mke walindwe.

10. Wakati wa kutafuta msaada zaidi

Mpelekeni mtu katika kituo cha afya bila kungoja ikiwa anasema anataka kufa, hali wala hanywi, anasikia sauti zisizokuwapo, anaanguka na kutetemeka, au hawezi tena kutunza watoto wake. Aliyebakwa afike kwa mganga upesi iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku 5, na ikitolewa mapema inafaa zaidi. Hata saa hizo zikiwa zimepita, aende tu. Yuko wa kumsaidia.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika lugha yenu ya nyumbani, mnatumia neno gani kwa mtu ambaye moyo wake unashtukashtuka? Neno hilo linamheshimu au linamdharau?
2. Wazee wenu walimpokeaje mtu aliyerudi kutoka vitani au msituni? Ni desturi gani kati ya hizo ilituliza mwili?
3. Katika kambi au kijiji chenu, ni kelele gani zinazoweza kupunguzwa wiki hii?
4. Je, kuna mtu tuliyemcheka sokoni? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea?

Ndugu wapendwa, hatukuandika somo hili kama watu waliosimama mbali. Hata kati yetu wanaoandaa jarida hili wapo wanaokaa karibu na mlango. Tunachowaomba ni kimoja: mkimwona mtu amelala chini ya chukudu, msicheke. Ketini karibu naye mpaka pumzi yake irudi. Mwambieni mahali alipo, siku ya leo, na jina lenu.